Maswali Yenu: Maji Yanayopita Kando ya Gurudumu la Turbini

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote Nyanda za Juu Kusini, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: maji yanaingia, umeme hautoki wote, upotevu uko wapi na tuupige hesabu vipi? Tumechagua sita.

Kamwene, ndugu wahariri. Nasimamia mtambo mdogo wa kijiji huku Njombe. Turbini ni ya Francis, ile ambayo gurudumu lake huzunguka ndani ya maji yenye presha: kimo halisi (anguko la maji baada ya hasara ya bomba) mita 38, maji lita 850 kwa sekunde ikiwa wazi kabisa, mizunguko 750 kwa dakika, kipenyo cha gurudumu nusu mita. Masika inavuta vizuri. Ikifika Oktoba mto umebaki na lita 340 hivi, na umeme unakuwa mdogo kuliko miaka ya mwanzo kwa maji yale yale. Mafundi wanasema jenereta imechoka. Mimi nahisi maji yanavuja ndani kwa ndani. Nitajuaje?
*Msimamizi wa mtambo, Njombe*

Kamwene nawe. Hisia yako ina msingi, na dalili umeitaja mwenyewe: tatizo linaonekana Oktoba, masika halionekani.

Kati ya gurudumu linalozunguka na mwili wa turbini uliosimama kuna mwanya mwembamba, juu na chini, unaolindwa na ringi. Maji yanayopita humo hayagusi mapezi ya gurudumu. Yanatoka upande wa presha kubwa na kuangukia kwenye bomba la kutolea bila kufanya kazi yoyote. Kiasi chake kinategemea upana wa mwanya na presha, na presha yako ni ya mita 38 mwaka mzima. Kwa hiyo uvujaji haupungui mto unapopungua. Usiufikirie kama asilimia, ufikirie kama mdeni anayedai kiasi kilekile uwe nacho au huna.

Hesabu yenyewe inatosha kwenye jedwali la Excel. Lita zinazovuja ni mgawo × π × kipenyo cha ringi × upana wa mwanya × kipeuo cha pili cha (2 × 9.81 × tofauti ya kimo kati ya pande mbili za ringi). Mgawo ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1.5 + 0.04 × urefu wa ringi ÷ mara mbili ya mwanya). Ile 1.5 ni hasara ya maji kuingia na kutoka kwenye mwanya, na kipande kinachofuata ni msuguano ndani yake.

Tuchukue ringi ya chini yenye kipenyo cha mita 0.5, urefu wa milimita 30, na mwanya wa milimita 0.5 kama ilivyokuwa mpya. Tofauti ya kimo tuiweke nusu ya mita 38, yaani 19, kwa sababu kwenye Francis ya aina hii sehemu kubwa ya presha imeshageuka mwendo kabla maji hayajafika kwenye gurudumu. Mgawo unakuwa 0.61, kipeuo kinatoa kasi ya mita 19.3 kwa sekunde, eneo la mwanya mita za mraba 0.000785. Jibu ni mita za ujazo 0.0092, yaani lita 9.2 kwa sekunde.

Sasa mchanga wa masika kadhaa uupanue mwanya hadi milimita 1.5. Eneo linakuwa mara tatu, na mgawo nao unapanda hadi 0.73 kwa kuwa msuguano hauumi tena kama mwanzo. Unapata lita 33. Watu wengi hukosea hapa: mwanya mara tatu haukupi uvujaji mara tatu, unakupa zaidi kidogo ya mara tatu na nusu.

Linganisha na mto wako. Masika, lita 33 kwenye 850 ni asilimia 3.9, na wakati huo maji yanamwagika juu ya banio hata hivyo, hakuna atakayegundua. Oktoba, lita 33 zilezile kwenye 340 ni asilimia 9.7. Tofauti kati ya ringi mpya na ringi iliyolika, lita 24 hivi, ni karibu kilowati 9 za nguvu ya maji, na kwa ufanisi wa turbini inayofanya kazi nusu mzigo inabaki kilowati 6 hadi 7 za umeme. Kuanzia Julai hadi Novemba hiyo inafika yuniti 23,000 hivi. Na hapo tumehesabu ringi ya chini tu. Ya juu fanya vivyo hivyo, kwa kipenyo chake.

Kuhusu jenereta: nayo ina upotevu usiobadilika na mzigo, wa chuma na wa feni, lakini huo hauongezeki mara tatu kwa sababu ya umri.

Bila kufungua mtambo, fanya mambo matatu. Kwanza, kama mfuniko wa juu una tundu la presha geji, soma presha chini ya mfuniko mashine ikiwa imefunguliwa kiwango kilekile kila mwezi. Ringi ya juu ikilika, maji mengi huingia kwenye chumba kile kuliko bomba la kusawazisha (lile linaloyatoa maji ya chumba hicho) linavyoweza kutoa, na geji hupanda. Pili, angalia joto la beringi ya kubeba uzito wa shafti, maana presha hiyo ndiyo inayoisukuma; geji na joto vikipanda pamoja, una ushahidi. Tatu, kama bomba la kusawazisha linatokea nje, lielekeze kwenye pipa la lita 200 na uhesabu sekunde. Pipa likijaa kwa sekunde 20, ni lita 10 kwa sekunde, na hakuna programu itakayobishana nalo.

Mashine ikifunguliwa, pima mwanya kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) sehemu nane kuzunguka ringi. Usipime moja ukaridhika. Ukikuta 0.9 upande mmoja na 2.1 upande wa pili, ringi haijalika tu, shafti imehama, na ringi mpya itasagika ndani ya wiki chache usiporekebisha beringi kwanza. Ringi za kubadilisha ziwe na ugumu tofauti, mathalan shaba nyeusi iliyosimama dhidi ya chuma cha pua kinachozunguka. Chuma cha pua kwa chuma cha pua chenye ugumu sawa vikigusana hushikana. Na usimruhusu mkereza akubane mwanya hadi 0.2 kwa kukupendeza. Uwazi wa beringi na kupinda kwa shafti lazima vipate nafasi humo.

Tuna pesa ya jambo moja tu mwaka huu. Bomba letu la chuma lina kipenyo cha milimita 600, urefu mita 120, linapitisha lita 850 masika. Tubadilishe bomba liwe kubwa zaidi au tubadilishe ringi?
*Kamati ya mtambo, Mufindi*

Bomba linakula kwa mraba wa maji yanayopita. Kwa lita 850 kasi ni mita 3 kwa sekunde, na ukichukua mgawo wa msuguano 0.018 mnapoteza mita 1.7 za kimo. Kiangazi, kwa lita 340, mnapoteza sentimita 27 tu. Ringi ni kinyume chake, inaumiza zaidi maji yakiwa machache.

Kwa hiyo swali ni mnauza umeme lini. Kama masika mtambo unajaza mahitaji yote ya kijiji na kiangazi ndiyo mnagawa kwa zamu, bomba kubwa litawapa umeme msioutumia. Ringi.

Nimeiga turbini ya Francis kwa kompyuta kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho. Programu inasema ufanisi ni asilimia 94. Rekodi za mtambo wenyewe, zilizopimwa kwenye mita ya umeme, zinatoa 81. Msimamizi wangu anasema nimekosea, lakini nimeongeza gridi (viini vidogo ambavyo programu hugawa umbo) kuwa mara mbili na jibu halibadiliki. Hizo 13 zimekwenda wapi?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Mbeya*

Huenda hujakosea popote. Umepima kitu kimoja na mtambo umepima kingine.

Ile 94 ni nguvu ya msokoto kwenye mapezi ya gurudumu gawanya kwa nguvu ya maji, ndani ya umbo ulilochora. Uliweka mwanya wa ringi kwenye umbo hilo? Wengi huuacha, kwa sababu unaharibu gridi. Basi kwenye modeli yako kila tone linapita kwenye mapezi. Ondoa uvujaji wa asilimia 4 kwa ringi iliyolika. Ondoa 1 ya beringi, muhuri wa shafti, na msuguano wa maji kwenye mgongo wa gurudumu. Zidisha kwa ufanisi wa jenereta, tuseme 94. Hesabu ni 0.94 × 0.96 × 0.99 × 0.94, na unafika 84. Zinabaki tatu. Kuta zako kwenye kompyuta ni laini kama kioo, za mtambo zina kutu na makovu. Tena uliza mtiririko wa mtambo ulipimwaje: mita ya sauti inayofungwa nje ya bomba inaweza kukosea asilimia 2 au 3 ikifungwa karibu na kona. Kimo nacho kinapimwa kutoka wapi hadi wapi? Kama rekodi zinatumia kimo chote kutoka bwawani na wewe umeanza kwenye mlango wa turbini, hasara ya bomba imewekwa kwenye hesabu yao na kwako haipo.

Kuongeza gridi ambako jibu halibadiliki kunathibitisha kwamba umeitatua modeli vizuri. Hakuthibitishi kwamba modeli ndiyo mashine. (Na gridi mbili hazitoshi. Fanya tatu, kila moja ikiwa laini kuliko ya kabla yake kwa angalau mara 1.3 kila upande, uone jibu linaelekea wapi.)

Uvujaji uuingize vipi? Usianze kwa kuuchora mwanya ndani ya modeli nzima. Fikiria vipimo: mwanya milimita 0.5, mzunguko wa ringi milimita 1,571. Maji humo yanakwenda mita 12 hivi kwa sekunde kuelekea chini na karibu 10 kuzunguka, kwa kuwa yanaburutwa na ringi inayozunguka. Ukitumia njia ya kawaida ya kukisia msuguano wa ukutani, yenye y+ (kipimo cha umbali wa kiini cha kwanza kutoka ukutani) ya 30, kiini cha kwanza peke yake kinameza milimita 0.07, na kuta ziko mbili. Unabaki na viini saba mwanya mzima, na jibu litakuwa la kubahatisha. Inabidi ushuke hadi y+ ya 1, yaani tabaka la kwanza la maikromita 1 hadi 2, na viini 20 au zaidi kati ya kuta. Ukizungusha gridi hiyo mduara mzima, kompyuta ndogo ya chuoni itazimia.

Njia tunayoipendekeza ni kuuiga mwanya peke yake. Kata kipande chembamba cha nyuzi chache kama kipande cha keki, chenye chumba cha juu, ringi, na mdomo wa kutokea. Ukuta wa ndani uuzungushe kwa mizunguko halisi ya mashine, wa nje usimame. Tumia modeli ya msukosuko ya k-omega SST. OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko ambayo ni bure, ina aina ya mpaka inayoitwa wedge kwa kazi hiihii. Endesha kwa tofauti tano za presha, uchore mstari wa lita dhidi ya presha, kisha rudia kwa mwanya wa 0.5, 1.0 na 1.5. Linganisha na kanuni tuliyompa mwenzako wa Njombe hapo juu. Mkipishana kwa zaidi ya robo, kuna kosa, na mara nyingi ni kuta zisizozungushwa au presha iliyowekwa mahali pasipo pake.

Baada ya hapo rudi kwenye modeli kubwa. Pembe moja yenye pezi moja la gurudumu na mipaka ya kujirudia inatosha kuanzia. Pale ringi inapoanzia weka mdomo unaonyonya lita ulizozipata, na pale inapoishia weka mdomo unaozirudisha, pamoja na mwendo wake wa kuzunguka. Usiusahau mwendo huo. Maji ya ringi ya chini huingia kwenye bomba la kutolea yakiambaa ukuta, na wakati mwingine yanasaidia mkondo usiachane na ukuta wa koni ya bomba hilo. Ukiyarudisha bila mzunguko huo utaona hasara isiyokuwepo.

Msuguano wa mgongo wa gurudumu usikusumbue kwenye mashine ndogo. Unakua kwa mizunguko kipeo cha 3 na kipenyo kipeo cha 5. Kwa gurudumu la nusu mita na mizunguko 750 tunapata karibu kilowati 0.8 kwenye mashine inayopokea kilowati 300 na kitu za nguvu ya maji. Kwenye mitambo mikubwa kama ya Kidatu hadithi ni nyingine.

Ukitaka kujipima kabla ya kuuamini mkono wako, tafuta umbo na vipimo vya Francis-99, vilivyowekwa wazi na chuo cha NTNU cha Norway na chuo cha teknolojia cha Luleå, Sweden. Ni modeli ya maabara ya turbini ya kituo cha Tokke: vibao elekezi 28, gurudumu lenye mapezi 15 marefu na 15 mafupi. Ukipata presha zao, msimamizi wako atakuwa na la kukusikiliza.

Sisi tuna Pelton, kimo mita 210. Haya mambo ya ringi yanatuhusu?
*Fundi, Makete*

Hapana. Gurudumu la Pelton, linalopigwa vikombe na mkondo wa maji kutoka kwenye nozeli, linazunguka hewani, halina mwanya wa presha. Upotevu wenu uko kwenye sindano na mdomo wa nozeli: vikichorwa na mchanga, mkondo unatawanyika kama ufagio na sehemu ya maji hukosa katikati ya kikombe. Angalieni pia makali ya kati ya vikombe. Yakiwa butu, maji hurudi nyuma. Na kina cha maji chini ya gurudumu kisipande hadi vikombe vikayachota.

Nimesikia ufanisi wa turbini unaweza kupimwa kwa kipimajoto. Ni kweli? Na wanafunzi wangu wanaweza kulifanya jaribio hilo kwenye mtambo wa karibu wenye kimo cha mita 40?
*Mwalimu wa fizikia, Iringa*

Ni kweli, na njia hiyo imo kwenye kiwango cha kimataifa IEC 60041. Nishati ya maji isiyofika kwenye shafti inabaki majini kama joto. Gawanya 9.81 kwa 4,187: kila mita ya kimo inayopotea inapasha maji nyuzi 0.0023 za Selsiasi. Kwenye mtambo wa Kihansi, ambako maji yanashuka mita takribani 850, kimo chote kikipotea maji yangepata joto nyuzi 2, na upotevu wa asilimia 10 ni nyuzi 0.2. Hiyo inapimika.

Kwenye mita 40, upotevu wa asilimia 10 ni nyuzi 0.009. Jua likiangaza mfereji kwa saa moja linaharibu jaribio zima. Ndiyo maana kiwango hicho kinaikubali njia hii kwa kimo cha zaidi ya mita 100 tu. Wanafunzi wafanye hesabu yenyewe, ni somo zuri, kipimajoto wakiache.

Gurudumu letu limetobokatoboka upande wa kutokea maji kama mbao iliyoliwa na mchwa. Mtu aliyetuigia kwa kompyuta anasema programu haionyeshi kavitesheni yoyote. Tuamini macho au programu?
*Karakana, Mbeya*

Macho. Kavitesheni ni mapovu ya mvuke yanayozuka presha ya maji ikishuka mno, kisha yakapasuka na kutoboa chuma. Vishimo vyake hukaa upande wa presha ndogo karibu na makali ya kutokea, vyenye kukwaruza na ncha. Mchanga huacha mawimbi laini, tena zaidi kwenye ringi na kwenye mlango wa gurudumu.

Mwulizeni aliweka presha gani ya hewa. Programu nyingi zinaanza na paskali 101,325, ambayo ni ya pwani. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapo inasukuma kwa paskali 82,500 hivi. Tofauti hiyo ni mita 1.9 za maji. Turbini iliyofungwa mita 3 juu ya maji ya mfereji wa kutokea, ikahesabiwa kwa hewa ya Dar es Salaam, imedanganywa karibu mita 2 za akiba. Maji ya nyuzi 20 huanza kuchemka presha ikishuka hadi paskali 2,340.

Kosa la pili ni la wanaotumia simpleFoam ya OpenFOAM: presha inayotoka humo imeshagawanywa kwa msongamano wa maji. Lazima aizidishe kwa 1,000, ajumlishe 82,500, ndipo atafute maeneo yaliyo chini ya 2,340. Akishapaka rangi maeneo hayo, ayalinganishe na vishimo vyenu kwenye picha. Yakikaa mahali pamoja, ana modeli ya kufanyia kazi. Njia rahisi ya kuponya ni kuishusha turbini au kupandisha kina cha mfereji wa kutokea kwa kizuizi kidogo, ingawa kizuizi kinakula kimo. Sentimita 30 kwenye kimo cha mita 38 kama cha Njombe ni chini ya asilimia 1, bei nafuu kuliko kuchomelea gurudumu kila mwaka.